Siku nane Welisi, katika njia ya mwalimu wa Llanddowror

Siku ya kwanza, Jumanne: London hadi Carmarthen

Treni iliingia kwenye handaki la chini ya mto Severn, tukakaa gizani dakika kadhaa, na tulipotokea upande wa pili vibao vya stesheni vilikuwa vya lugha mbili. Baada ya Swansea reli inashuka hadi kando ya maji. Pale Ferryside maji yalikuwa yamekupwa, matope yanang'aa, ndege wenye miguu mirefu wanadonoa, nikahisi kama niko Tanga asubuhi nangoja ngalawa zirudi.

Nilianza kufundisha kisomo cha watu wazima, ngumbaru kama walivyokiita wazee, nikiwa binti wa miaka ishirini na mbili, na nimestaafu juzijuzi tu wilayani Muheza. Bibi yangu mzaa mama alijifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu. Alijifunzia kwenye benchi la kanisa, kwa Kitabu cha Sala, maana nyumbani hakukuwa na kitabu kingine. Chini ya ukurasa wa mbele paliandikwa S.P.C.K. Utotoni nilidhani ni neno moja, nikawa namuuliza linatamkwaje.

Mtoto wa kaka yangu ni muuguzi Swansea. Mwaka jana aliniandikia kwamba mwendo wa saa moja hivi kutoka kwake aliishi, katika karne ya kumi na nane, kasisi Griffith Jones wa Llanddowror, aliyewafundisha kusoma maelfu ya wakulima, kila kundi kwa miezi mitatu. Sikuamini. Mimi nilihitaji karibu mwaka mzima, na bado wengine waliniponyoka. Nikaweka akiba ya nauli.

Alinipokea stesheni. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, baba. Umekonda." Jioni tulitembea mjini. Carmarthen ilikuwa na mitambo ya kuchapa vitabu tangu miaka ya 1720, na huo ni mwanzo wa kuchelewa. Sheria ya zamani iliruhusu uchapaji London na katika miji michache tu ya Uingereza, hadi ilipokoma mwaka 1695. Kabla ya hapo kitabu cha Kiwelisi kilichapwa mbali, na mara nyingi na mafundi wasiojua neno moja la lugha waliyokuwa wakiipanga herufi. Sheria ilipokoma, Thomas Jones, mtunzi wa almanaki, alihama London akafungua uchapaji Shrewsbury, karibu na mpaka. Wakati huo Welisi nzima ilikuwa na watu wapatao 400,000, wengi wao wakijua Kiwelisi peke yake.

Siku ya pili, Jumatano: Llanddowror na Laugharne

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri. Kila penye kona, barabara imeandikwa neno ARAF kwa herufi nyeupe. "Maana yake polepole," akasema kijana wangu, akapunguza mwendo.

Llanddowror ni kijiji kidogo, na siku hizi barabara kuu inakipita kwa pembeni, kwa hiyo kimetulia. Kanisa la Mtakatifu Teilo tulilikuta limefungwa. Tulizunguka uwanja wa makaburi kwa miavuli, nyasi zimelowa hadi magotini. Ndani ya kanisa hili amelazwa Griffith Jones, na Bridget Bevan pia, mwanamke ambaye bila yeye habari hii ingekuwa fupi sana.

Griffith Jones alizaliwa katika parokia ya Penboyr kwenye miaka ya 1680, akachunga kondoo utotoni, akaugua pumu maisha yake yote. Alipopata ukasisi alihubiri kwa nguvu kiasi kwamba makanisa hayakutosha watu, akawa anasimama kwenye viwanja vya makaburi, na katika parokia zisizo zake. Mwaka 1714 askofu alimwita ajieleze. Wakati huohuo S.P.C.K., yaani Chama cha Kueneza Maarifa ya Kikristo kilichoanzishwa London mwaka 1699, kilimtaka aende kuwa mmisionari Tranquebar, India. Alilitafakari ombi hilo kwa muda mrefu, akakataa: giza aliloliona kwa watu wake mwenyewe lilimtosha. Mwaka 1716 akapewa parokia hii na Sir John Philipps, tajiri mfadhili wa shule, ambaye baadaye Jones alimwoa dada yake.

Kwa hiyo zile herufi za kitabu cha bibi nimezikuta huku, zikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia tatu. Chama hicho kilifungua shule kadhaa za hisani Welisi mwanzoni mwa karne ya kumi na nane. Nia ilikuwa njema, lakini nyingi zilifundisha kwa Kiingereza. Mtoto alikariri maneno asiyoyaelewa, msimu wa kilimo ukifika mzazi anamtoa, na mwaka unaofuata hakumbuki kitu. Mwalimu yeyote wa kwetu anaijua hadithi hiyo.

Jones aligundua njia yake akiwa kazini. Kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana aliwakusanya waumini awaulize maswali ya katekisimu. Hawakujibu. Maskini waliofika kupokea mikate iliyonunuliwa kwa sadaka aliwapanga mstari, akawauliza maswali mepesi. Hawakujibu nao. Biblia ya Kiwelisi ilikuwapo tangu 1588, tafsiri ya William Morgan, na kila Jumapili ilisomwa kwa sauti mbele yao, lakini yakishapita masikioni maneno hayakuwa na pa kurudia kuyatafuta. Mwaka 1731 akaandikia S.P.C.K. kwamba anaanza shule hapa Llanddowror, ya Kiwelisi.

Nilisimama chini ya mti nikaufikiria mpango wake kama mtu wa fani, na kadiri nilivyoufikiria ndivyo nilivyozidi kumheshimu. Shule haikuwa na jengo lake. Mwalimu aliingia katika parokia, akapewa kanisa au ghala au jiko la mtu, akafundisha miezi mitatu ya baridi ambapo kazi za shamba zimepungua, kisha akahamia parokia nyingine. Mchana watoto na yeyote mwenye nafasi, usiku watu wazima waliotoka kazini. Vitabu viwili tu: Biblia na Kitabu cha Sala pamoja na katekisimu yake. Walimu wenyewe walikuwa vijana maskini waliosomea hapahapa kijijini, na malipo yao yalikuwa pauni tatu au nne kwa mwaka. Kasisi mmoja jirani aliwashambulia kwa maandishi, akiwaona hawafai.

Miezi mitatu iliwezekana kwa sababu mwanafunzi alikuja na lugha yote kichwani. Lililobaki ni herufi, na herufi za Kiwelisi hazidanganyi: ukishajua w ni u na dd ni kama dh yetu, unaweza kusoma hata neno usilolijua. Sisi tuna bahati hiyohiyo. Nimeona mama mmoja wa kule Amani akisoma "ndizi" kwa mara ya kwanza na kucheka kwa sauti kwa sababu lilikuwa neno lake. Anayefundishwa kusoma kwa lugha ya wengine anapewa mizigo miwili, halafu analaumiwa kwa kuchoka.

Mchana tukateremkia Laugharne, ambako mto Tâf unaingia baharini chini ya ngome iliyobomoka. Hapa aliishi Bridget Bevan, Madam Bevan kwa watu wa zama zake. Alizaliwa mwaka 1698 katika familia iliyosaidia shule tangu mwanzo, akaolewa na mwanasheria aliyekuwa mbunge wa Carmarthen, akatumia fedha yake na marafiki zake wakubwa kuzipa shule uhai. Mke wa Jones alipofariki, mzee alihamia kwa Madam Bevan, na ndimo alimofia Aprili 1761. Kufikia hapo zilikuwa zimefanyika zaidi ya shule 3,000, na wanafunzi wa mchana walioandikishwa walipita 150,000. Wale wa usiku hawakuhesabiwa. Mimi ndio ninaowafikiria zaidi.

Baada yake Madam Bevan aliongoza shule peke yake miaka kumi na minane, akafariki mwaka 1779 akiacha pauni 10,000 ziendelee. Ndugu wakapinga wosia mahakamani, fedha ikafungiwa zaidi ya miaka ishirini, na shule zikafa. Nimekaa kwenye ukuta wa mawe pale ufukweni nikiwa na uchungu kama vile imetokea mwaka jana.

Siku ya tatu, Alhamisi: bonde la Teifi

Jua! Tulivuka vilima hadi Newcastle Emlyn, tukapita daraja la mto Teifi, na upande wa pili ni Trefhedyn, au Adpar. Hapa, mwaka 1718, Isaac Carter alisimamisha mtambo wa kwanza halali wa kuchapa vitabu katika ardhi ya Welisi. Kuna kibao cha ukumbusho ukutani. Nilitegemea kwamba chapa ya kwanza ingekuwa zaburi au mahubiri. Ni shairi la kuisuta tumbaku! Mtunzi, Alban Thomas, anaisema tumbaku kama mtumwa anavyomsema bwana wake wa zamani aliyemtesa. La pili ni wimbo kuhusu dhamiri.

Nimefurahi kupita kiasi. Mtambo unawasili katika bonde la wakulima, na jambo la kwanza wanalolitaka liwe kwenye karatasi ni shairi la mizani na vina linalomhusu mtu anayehangaika kuacha kiko. Hivi ndivyo ninavyoijua fasihi: inaanzia barazani. Kabla ya hapo watu hawa walikuwa tayari wameshika moyoni beti za Rhys Prichard, kasisi wa Llandovery aliyefariki mwaka 1644, ambaye alitia mafundisho ya dini katika mashairi mepesi ya kuimbika ili asiyejua kusoma aondoke nayo. Ziliitwa Mshumaa wa Wawelisi. Bibi yangu alizijua tenzi ndefu namna hiyo kabla hajajua a wala be, na alipojifunza kusoma, vidole vyake vilifuata mistari ambayo kinywa kilishaimaliza.

Bonde hili dogo lilijaa waandishi. Moses Williams wa Llandysul ndiye aliyesimamia toleo la Biblia la mwaka 1718, nakala 10,000 zilizogharimiwa na S.P.C.K. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa orodha ya vitabu vyote vya Kiwelisi vilivyowahi kuchapwa, kazi ya upendo kwa mtu aliyeona lugha yake haina hata daftari la mali zake. Karibu na hapa alizaliwa Theophilus Evans, ambaye mwaka 1716, akiwa na miaka ishirini na mitatu hivi, alitoa Kioo cha Zama za Kale, historia ya Wawelisi inayowafikisha hadi Gomeri, mjukuu wa Nuhu. Kama historia haisimami. Lakini watu waliokuwa wakiambiwa lugha yao ni ya wachunga mbuzi waliisoma wakajiona wana ukoo.

Tulikula mkate na jibini kando ya maji. Kijana wangu akalala kwenye nyasi dakika tano, alikuwa ametoka zamu ya usiku juzi.

Siku ya nne, Ijumaa: Llandovery na Pantycelyn

Mvua tena, na ukungu. Njia ya Pantycelyn ni nyembamba, ua wa miti pande zote mbili. Ni nyumba ya watu na shamba linalolimwa, hivyo tuliitazama kwa mbali tukageuza gari.

William Williams alizaliwa mwaka 1717 katika parokia ya Llanfair-ar-y-bryn, na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa hilo, juu ya Llandovery. Aliandika mamia ya nyimbo za dini kwa Kiwelisi. Mmoja wapo ni ule wa msafiri dhaifu jangwani anayemwomba Mungu amwongoze na amlishe mkate wa mbinguni. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1771, na kwetu tunauimba kwa Kiswahili. Nimeuimba katika mazishi nisiyoweza kuyahesabu. Nilisimama kaburini nikauimba ubeti wa kwanza taratibu. Kijana wangu akashika sauti ya nne.

Kuna jambo limenishika tangu asubuhi. Williams alipopata ushemasi mwaka 1740 aliwekwa kuwa msaidizi wa Theophilus Evans yuleyule wa Kioo, katika parokia za milimani kaskazini ya hapa. Fikiria waandishi hao wawili wakihudumia kondoo walewale: mkubwa anaangalia nyuma kwa Gomeri na wafalme wa kale, mdogo anaangalia ndani ya moyo wake unaotetemeka. Hawakupatana. Evans aliwachukia Wamethodisti, watu wa uamsho wa dini wa zama hizo, ambao Williams alikuwa mmoja wao, akaja kuandika kitabu kizima dhidi ya jazba za dini. Williams alinyimwa ukasisi kamili mwaka 1743, akapanda farasi, akahubiri na kutunga maisha yake yote bila parokia. Siwezi kuchagua upande. Wote wawili walikuwa wakijibu swali moja, kwamba Mwelisi ni nani.

Siku ya tano, Jumamosi: Defynnog, Talgarth, Llangasty

Tulipitia Defynnog, ambako mwaka 1737 Howell Harris na Daniel Rowland, wahubiri wakuu wa uamsho huo, walionana kwa mara ya kwanza. Kila mmoja alikuwa amewaka moto kwake bila kumjua mwenzake.

Harris alikuwa mwalimu wa shule wa miaka ishirini na mmoja. Machi 1735, Jumapili ya Matawi, kasisi wa Talgarth alitangaza Meza ya Bwana ijayo, akawaambia wanaojiona hawafai kuikaribia kwamba basi hawafai hata kuishi wala kufa. Maneno hayo yalimwingia Harris kama mwiba. Juni mwaka huohuo, akiwa peke yake katika kanisa la Llangasty akisali, alihisi moyo wake unayeyuka kama nta mbele ya moto. Tulifika huko. Kanisa liko karibu na ziwa la Llangors, matete, bata, kimya. Jengo limejengwa upya karne iliyofuata, lakini maji ni yaleyale.

Aliomba ukasisi mara nyingi, maaskofu wakamkataa kila mara, hivyo alihubiri kama mtu wa kawaida: mezani, uwanjani, juu ya makaburi. Williams wa Pantycelyn, mwanafunzi aliyekusudia kuwa tabibu, alimsikia akihubiri nje ya kanisa la Talgarth, akabadili maisha. Harris aliacha daftari za kumbukumbu karibu 300, za mwanzo kwa Kilatini kisha Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Alihubiri kwa Kiwelisi, lakini siri zake alimwandikia Mungu kwa lugha za shuleni. Hilo linanihuzunisha kidogo, maana najua wasomi wetu wanaofanya hivyo.

Jingine pia linanihuzunisha. Waliookoka katika uamsho huo walizipiga vita sherehe za watakatifu wa vijiji, dansi, vinubi na fidla. Vijana waliacha kujifunza kinubi wakikiona ni chombo cha dhambi. Kwetu wazee wa kanisa walizifungia ngoma, na kuna midundo bibi aliijua ambayo hakuturithisha kwa sababu aliahidi mbele ya madhabahu. Nawashukuru watu hawa kwa kusoma na nyimbo, na bado nalilia kinubi.

Siku ya sita, Jumapili: Llanddewi Brefi na Llangeitho

Kanisa la Llanddewi Brefi limesimama juu ya kilima kidogo katikati ya kijiji. Ndipo Griffith Jones alipokuja kuhubiri mwaka 1735 hivi, na katikati ya msongamano alikuwamo kasisi msaidizi kijana, Daniel Rowland, amesimama kwa majivuno. Inasimuliwa kwamba mzee alisita, akamwombea kijana yule mbele ya watu wote. Rowland akarudi nyumbani Llangeitho akiwa mtu mwingine.

Mwanzoni alihubiri sheria na jehanamu tu, watu wakamwita kasisi mwenye hasira. Aliyemsaidia ni Philip Pugh, mchungaji wa kanisa lililojitenga na Kanisa la Uingereza, ambaye angeweza kumtazama kama mshindani. Alimshauri: umeshawajeruhi, sasa wapake dawa. Ushauri huo wa mzee kwa kijana wa kanisa jingine ndio ninaoupenda kuliko yote niliyoyasikia wiki hii.

Baada ya hapo Llangeitho ikawa kama Yerusalemu yao. Jumapili ya Ushirika Mtakatifu walifika maelfu, kwa miguu kuvuka milima, wengine kwa mashua kutoka kaskazini. Walilia, waliimba, wakaruka kwa furaha hadi Waingereza wakawaita warukaji. Leo tulikuwa watu wachache kwenye ibada ya asubuhi. Sikuelewa mahubiri, lakini Sala ya Bwana niliifuata kwa mapigo yake, na "Amen" tukakutana. Nje kuna sanamu ya Rowland, ya mwaka 1883. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu alinishika mkono kwa mikono yake miwili akauliza natoka wapi. Nilipomjibu akauliza kama kwetu watu wazima bado wanafundishwa kusoma. Nikasema ndiyo, lakini fedha ni chache. Akatikisa kichwa kama anayeijua habari hiyo.

Siku ya saba, Jumatatu: Harlech

Safari ndefu ya gari kuelekea kaskazini, mlima kushoto, mlima kulia, kisha bahari. Y Lasynys Fawr ni nyumba ya mawe juu ya mwinuko uliokuwa kisiwa wakati bonde lote hili lilikuwa kinamasi; "ynys" maana yake kisiwa. Tulikuwa tumepiga simu mapema, wakatufungulia. Humu aliishi Ellis Wynne, aliyezaliwa mwaka 1671. Kabla hajawa kasisi, mwaka 1703, alichapisha Njozi za Mshairi Aliyelala.

Mshairi anapanda mlima jioni ya kiangazi akiwa na darubini, anasinzia, anabebwa na viumbe wa ngano, kisha malaika anamwokoa na kumwonyesha dunia kutoka juu. Anaona jiji lenye mitaa mitatu, Kiburi, Anasa na Pato, na kila mtaa una binti wa kifalme anayewavuta watu. Njozi ya pili ni ya Mauti, ya tatu ya Jehanamu. Wazo aliliokota kwa Mhispania Quevedo kupitia Kiingereza, lakini mawakili, wanywaji wa vilabuni na mabwana wanyonyaji wamo kwa Kiwelisi cha sokoni, chenye pilipili. Mwenyeji wetu alitusomea ukurasa kwa sauti. Sikuelewa hata neno, na bado nilisikia mtu anatukanwa kwa ufundi.

Wynne alifariki mwaka 1734, shule za Jones zikiwa changa. Aliwaandikia wachache waliojua kusoma. Nikiwa kwenye jiko lile nikawaza: katika miaka thelathini tu baada yake, wasomaji waliongezeka kuliko alivyoweza kuota.

Siku ya nane, Jumanne: Aberystwyth

Maktaba ya Taifa iko juu ya kilima, bahari yote chini yake. Niliandikishwa, nikapewa kiti, na kitabu kikaletwa juu ya mto laini kama mtoto mchanga. Ni taarifa za kila mwaka za Griffith Jones kuhusu shule zake. Ameziandika kwa Kiingereza, maana wenye fedha walikuwa Uingereza. Inabidi awaombe kwa Kiingereza fedha ya kufundisha Kiwelisi, na anajieleza kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao nilipokuwa nikiandika maombi ya chaki: kwamba Kiingereza kitachukua miaka mingi kuenea, na katika miaka hiyo watu wangapi watakufa bila kujua.

Kisha majedwali. Mwaka 1737 shule 37. Halafu kurasa na kurasa, parokia baada ya parokia, na idadi ya wanafunzi pembeni. Nimewahi kuchora mistari ya namna hii kwa rula, usiku, kwa taa ya chemli.

Kutoka njaa iliyozaliwa kwenye mistari hii ndipo, vizazi viwili baadaye, Wawelisi waliokosa Biblia za kutosha waliisukuma London ianzishe Chama cha Biblia mwaka 1804, ndicho kilichokuja kuchapa na Biblia ya Kiswahili. Nililijua jina la chama. Sikujua kilianzia jikoni kwa nani.

Saa nane mchana nilifika alipoeleza kuhusu wazee. Wapo waliopita miaka sitini, na sabini, wamekuja na miwani yao, wanalia kwa sababu hawakupata kujifunza miaka arobaini au hamsini nyuma. Na vipofu nao waliomba wafundishwe kwa kusikia, washike moyoni.

Bibi alipata miaka kumi na mmoja tu ya kusoma kabla macho hayajaziba. Alikuwa akinipa kile Kitabu cha Sala, nami nasoma, na nikiruka neno ananirudisha.

Kijana wangu alikuja kunigusa bega. "Shangazi, treni ni saa kumi na moja na nusu." Nikamwomba dakika kumi zaidi, nikanakili barua moja ya kasisi wa parokia kwa penseli, neno kwa neno, kisha nikarudisha kitabu kaunta.